Jini Aliyenisuka Nywele

Daktari aliponiuliza jina la mume wangu, nilimjibu kwamba sijaolewa. Kando ya kitanda alikuwa amekaa mwanaume mwenye kipara, shati lake la kazi limeloa jasho, ameshika chupa ya uji. Akainamisha kichwa. Daktari akaniuliza kwa upole, "Huyu humjui?" Nikamtazama vizuri. Nikasema anafanana na Elia, mchumba wangu wa chuoni, labda ni kaka yake mkubwa.

Alikuwa Elia mwenyewe. Tulikuwa tumeoana zaidi ya miaka kumi, na kipara hicho kilimwota nikiwa namtazama.

Naandika haya kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi yuko kwenye benchi la kliniki na hajui amefikaje pale, na kwa ajili ya mtu aliyemleta. Ugonjwa wenyewe sitaueleza, hiyo kazi ya madaktari. Ninachoweza kusema ni kwamba ulinianza wakati wa masika, nikiwa darasani nafundisha Jiografia, kichwa kikaniuma kama kimefungwa kamba. Ikaja homa, ikaja degedege, na mambo mengine nimesimuliwa tu. Nilipozinduka wodini, kila kilichotokea tangu nilipomaliza chuo kilikuwa kimefutika. Na sio hayo ya zamani tu. Hata mapya hayakukaa. Nilichokiona asubuhi, mchana sikuwa nacho.

Siku walipomleta binti yetu Furaha kuniona, nilisema, "Mtoto mzuri huyu, ni wa nani?" Akajificha nyuma ya baba yake. Sikumbuki hilo, na nashukuru kwamba silikumbuki, maana yeye analikumbuka.

Niliruhusiwa kurudi nyumbani Tabata mvua zilipokuwa zinakwisha. Ndipo zikaanza kliniki. Vidonge vya asubuhi vilinivimbisha uso mpaka macho yakabaki kama tundu za vifungo, na vikanipa njaa ya mtu aliyelima. Nywele zilikatika, zikabaki viraka. Mwalimu wa Jiografia nikawa sijui choo kiko wapi ndani ya nyumba yangu, Elia akabandika mishale ya karatasi ukutani kutoka chumbani mpaka chooni.

Kliniki tulikaa kwenye benchi refu la mbao. Kila aliyekaa karibu nami nilimuuliza, "Samahani, hapa tunasubiri nini?" Wengine walinitazama na kusogea. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa Chang'ombe aliyekuwa akimleta mdogo wake, naye alinijibu kila mara kana kwamba ndiyo kwanza namuuliza: "Tunasubiri daktari, dada. Foleni yako iko nyuma yangu. Usijali, nikiingia nitakushtua." Elia anasema nilimuuliza mpaka yeye mwenyewe akaona aibu. Yule mama hakuchoka. Kama una mgonjwa wa aina hii, usimwambie "nimeshakwambia." Yeye hajaambiwa.

Baada ya wiki chache Elia ilibidi arudi kazini, kiwandani Chang'ombe. Furaha alikuwa shule mpaka jioni. Jirani yetu Mama Sabra, mzaliwa wa hapa hapa mjini na mchoma vitumbua, alikubali kunichungulia asubuhi akimaliza kuuza na tena alasiri akishaswali. Katikati nilikuwa peke yangu, geti limefungwa kwa komeo la ndani ambalo Mama Sabra alijua kulifikia kwa mkono.

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kipupwe kilikuwa kimeingia. Elia alirudi jioni moja akakuta mashuka yamefuliwa na kukunjwa. Akanisifu. Nikamwambia sijafua. Akacheka kidogo akasema, "Umefua, Koku, umesahau tu." Kesho yake kulikuwa na mlenda jikoni na ugali mweusi umefunikwa kwa sahani. Elia alinyofoa tonge, akalishika mkononi bila kulitia mdomoni.

"Huu ni uwele," akasema.

"Uwele ndiyo nini?" nikamuuliza.

Mie ni Mhaya. Nimekulia Bukoba kwenye ndizi. Elia ndiye Mnyaturu wa Singida, na ugali wa uwele ni chakula cha kwao. Ndani ya nyumba hapakuwa na unga huo. Hata hivyo Elia alishikilia msimamo wake: nimepika mwenyewe nikasahau, labda mtu kanipa unga.

Tuligombana sana kwa ajili hiyo. Mtu asiye na kumbukumbu hana ushahidi, kila ubishi anashindwa. Nilijua mikono yangu haikusonga ule ugali, kama unavyojua kwamba hujanywa maji kwa kuwa bado una kiu, lakini nilikuwa na neno langu tu, na neno langu halikuwa na thamani tena ndani ya nyumba yangu. Nililia. Kisha nikasahau kwa nini nalia, Elia akabaki na ugomvi peke yake.

Kilichonisaidia ni nywele. Zilikuwa zimeanza kurudi, laini kama za mtoto. Alasiri moja Mama Sabra aliingia akanikuta nimetoka kulala, akaniuliza nimesukwa na nani. Nikapapasa kichwa. Nilikuwa nimesukwa twende kilioni, mistari imenyooka kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, na ncha zote zimefungwa kwa uzi mweusi.

Elia aliporudi, Mama Sabra alimgeuzia kichwa changu kama anamwonyesha boga sokoni. "Haya, shemeji. Na hizi kajisuka mwenyewe kisogoni, tena bila kioo?"

Elia akaushika uzi mweusi wa ncha moja.

"Hilo ni jini," akasema Mama Sabra. "Tena la kike. Majini ya kike yanapenda nywele."

"Jini gani linafua mashuka?" Elia akauliza.

"Wapo wema. Lakini wema wao una mwisho."

Akaleta chetezo na ubani, akafukiza vyumba vyote mpaka Furaha akapiga chafya. Elia, ambaye ni mzee wa kanisa, hakutaka kushindwa. Akamwita mchungaji. Mchungaji aliomba sebuleni, akaomba jikoni, akaweka mkono juu ya friji akaomba na hapo. Alipomaliza alifunua chungu, akanusa, akauliza kama mlenda ule una mwenyewe. Akala. Akasema kwa uzoefu wake pepo wachafu hawaweki chumvi.

Kesho yake tulikuta maharage.

Furaha ndiye pekee aliyefurahi. Akitoka shule alikuwa akitupa begi na kuuliza, "Jini leo kaacha nini?" Kwake nyumba ilikuwa imepoteza mama mwenye akili, ikapata mpishi. Nisimlaumu. Na ni yeye aliyenitendea jambo ambalo sitalisahau hata ugonjwa ukirudi. Siku moja alikaa mbele yangu na sare zake za shule akasema, "Tuanze upya. Naitwa Furaha. Nasoma darasa la tatu. Sipendi bamia. Wewe ni mama yangu." Alikuja kuniambia hivyo kila siku, bila kununa, mpaka nikaweza kumtangulia kwa habari ya bamia.

Hofu yenyewe ilikuja Mama Sabra alipoona kwa macho yake. Siku hiyo aliwahi kuja. Akachungulia dirishani, akaona mtu kwenye kochi, kanga nyeupe kichwani, miwani mikubwa, mwanya kwenye meno ya mbele, anaimba chini chini kwa lugha ambayo Mama Sabra haijui. Mie nilikuwa nimelala na kichwa changu kwenye mapaja ya mtu huyo. Mama Sabra alikimbia akaacha kandambili moja.

"Na miguu hana," alimwambia Elia jioni. Kwa kweli miguu ilikuwa imezibwa na meza, lakini hilo tulilifikiria baadaye.

Elia alimwomba arudie habari ya miwani na mwanya. Kisha akaenda kusimama uani. Nilimfuata nikamuuliza kuna nini.

"Huyo ni Mama Mkubwa," akasema. "Dada yake mama. Alikuwa na mwanya, na miwani mikubwa kama hiyo. Alizikwa nayo."

Mama Mkubwa alikuwa amekufa zamani, Furaha hajazaliwa. Elia alimpigia simu mama yake Singida kumuuliza kama huko kuna lolote, kaburi limefukuka au mtu kaota ndoto. Mama yake akasema hakuna kitu, wako salama, alizeti zimeanikwa. Wakaagana upesi. Nilishangaa mtu kuongea na mama yake kwa ukavu namna ile, lakini kufikia usiku mshangao ule ulikuwa umeshanitoka.

Mwisho wa kipupwe daktari alinibadilishia dawa. Uso ukaanza kupungua. Vitu vidogo vikaanza kulala na kuamka nami: harufu ya sabuni mpya, jina la nesi. Vuli ilipoanza kunyesha, asubuhi moja niliamka nikajua kwamba jana yake kulikuwa na jana.

Siku hiyo, Mama Sabra alipokwisha kuondoka, nilisikia hodi getini. Nikafungua komeo. Alikuwa amesimama bibi mwenye kanga nyeupe, miwani mikubwa, mwanya, na mfuko wa unga kwapani. Kabla hajafungua mdomo nikasema, "Shikamoo mama. Goti limeamkaje?"

Alisimama kwenye manyunyu ananitazama.

"Umesemaje?"

"Goti. Jana ulisema mvua ikikaribia linakuuma."

Akashika nguzo ya geti. "Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka. Jina ndiyo sijui."

Ndipo nilipoelewa nimesimama na nani. Nilitazama miguu yake haraka. Ilikuwepo, ndani ya viatu vya plastiki vyenye tope. Yule bibi alikuwa ameanza kulia bila sauti, na machozi yalikuwa yanapita chini ya miwani. Jini siwezi kulikaribisha ndani, lakini mzee anayelia mvuani siwezi kumwacha nje. Nikampokea unga.

Nilimkalisha kwenye kochi, nikaenda chumbani kumpigia Elia simu. "Yule mtu amekuja," nikamwambia. "Yupo sebuleni. Ana goti bovu."

"Usimpe mgongo," akasema Elia, akakata simu.

Alifika akihema, Mama Sabra nyuma yake na chetezo kinafuka. Elia alisimama mlangoni. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa mdogo namna ile.

"Mama Mkubwa," akasema.

"Mama yako Mkubwa yuko kaburini," bibi akamjibu. "Mimi ni mama yako. Nimevaa miwani tu. Mbona umekonda hivyo, na chakula naacha kila siku?"

Nyuma ya mlango Mama Sabra alisema, "Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, huo moshi utoe nje, macho yangu yamefanyiwa operesheni."

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu mama mkwe wangu. Alikuja Dar tangu mwanzo wa kipupwe kutibiwa mtoto wa jicho, akafikia kwa rafiki yake wa kanisani kule Tandale, ambako uwele haukosekani sokoni. Miwani alipewa hospitali. Elia hakuambiwa.

"Nilipokupigia uliniambia alizeti zimeanikwa," Elia akasema.

"Zimeanikwa. Sikusema nani kaanika."

Kwa nini alijificha, nilielezwa jioni hiyo, maana mie nilikuwa mtu pekee sebuleni asiyejua. Baba mkwe alifia kwetu Tabata, mwaka mmoja kabla sijaugua. Alikuja kutibiwa, mama akabaki Singida na mavuno. Nilimuuguza mimi. Alipofariki, ndugu walipokaa kupanga safari ya kumpeleka kwao, nilisimama nikasema mzee aliniambia azikwe hapa hapa Dar, asisafirishwe. Ndugu waliguna. Mama akaniambia mbele ya msiba mzima kwamba namtungia marehemu maneno, na kwamba hatakunywa maji ndani ya nyumba yangu mpaka anakufa. Mzee alisafirishwa, akazikwa Singida. Elia na mama yake wakabaki na salamu za simu.

Nilisikiliza kama nasikiliza habari za familia nyingine. Nilimtafuta yule mzee kichwani mwangu, hayupo. Hata sura.

"Nilipopata habari kwamba umeugua na akili imepotea," mama mkwe akasema, "nilijiambia nije nikuulize mara moja tu, halafu niondoke. Ulifungua geti. Ukaniamkia vizuri, ukaniambia, 'Karibu mama, pole na jua, ngoja nikuletee maji.' Ukaleta. Nikayatazama. Nikaona nikikataa itabidi nikueleze kwa nini, na wewe hujui kwa nini. Nikanywa."

"Ulitaka kuniuliza nini?"

Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga. Alikuwa anajizuia. "Tumekaa pamoja maisha yote. Kaburi langu lipo pale, nimeshachagua upande. Sasa kama kweli alisema hataki kurudi, alikuwa anamkimbia nani? Ni wewe tu uliyekuwepo. Nilitaka uniambie alisema kwa sababu gani."

Nilitamani kumpa kitu. Ingekuwa rahisi. Ningesema mzee alihofia kumsumbua safarini, au kwamba aliyatamka homa ikiwa imempanda. Nani angenipinga? Nikasema, "Sijui, mama. Sina hata sura yake."

Akatikisa kichwa taratibu. "Najua. Hivyo hivyo ndivyo unavyonijibu kila siku."

Alihamia kwetu kesho yake na mfuko wake mmoja. Masika mengine yalipita akiwa anakaa nami kwenye lile benchi la kliniki, akimsimulia kila mtu kwamba mkwe wake alidhani yeye ni jini. Yule mama wa Chang'ombe alicheka mpaka nesi akatoka nje kutunyamazisha. Nilirudi shule, vipindi vichache kwanza. Kumbukumbu zilirudi vipande vipande, bila mpangilio: harusi yetu imerudi nusu, kuzaliwa kwa Furaha hakujarudi. Wapo wanaoniambia nimshukuru Mungu na kuacha kudai zaidi. Namshukuru, na bado nadai. Ukiwa mgonjwa wa namna hii utaambiwa hivyo pia. Usikubali kuchagua.

Kipupwe kilichofuata, baada ya mavuno, tulikwenda Singida kujengea kaburi la mzee. Ukoo ulikaa uani, wanaume kwenye viti, sisi kwenye mikeka. Baba mdogo wa Elia, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alinigeukia.

"Mwalimu," akasema, "tunashukuru umepona. Lakini kuna neno lilibaki kwenye ule msiba. Leo tunafunga kaburi. Sema tu kwamba ulikosea kusikia, tumalize, tule."

Hakusema kwa ubaya. Elia alinitazama, na nilijua angefurahi nikikubali. Nikasimama.

"Baba, siwezi kusema nilikosea," nikasema. "Na siwezi kusema nilisikia sawasawa. Kitu chenyewe sina. Nikisema lolote hapa nitakuwa natunga."

Minong'ono ikapita. Mtu mmoja nyuma akasema, "Si ndiyo hiyo tabia yake." Baba mdogo aliinua mkono kutaka kuendelea, lakini mama mkwe alikuwa ameshaanza kunyanyuka kutoka mkekani, goti moja kwanza. Nikamshika mkono.

"Nisikilizeni," akasema. "Kipupwe chote cha mwaka jana nilikuwa kwa huyu. Hajui mimi ni nani, hajui hata jana. Kila siku nilimuuliza mzee alisema nini. Nilimuuliza kwa wema. Nilimuuliza kwa hila. Nilimwambia, 'Eti alisema arudishwe Singida, sivyo?' Akasema, 'Samahani mama, sijui.' Siku nyingine nikamwambia, 'Basi sema tu alitaka kuzikwa kwangu, nifurahi.' Akanitazama kwa huruma akasema, 'Mama, nitasemaje nisichokijua?' Mtu mwenye kumbukumbu anaweza kujichunga asidanganye. Huyu hakuwa na cha kukumbuka, na hakunidanganya hata siku moja." Akamgeukia baba mdogo. "Kwa hiyo siku ile ya msiba hakutunga. Mzee alisema. Mimi ndiye niliyemwita mwongo, na neno hilo nimelifuta mbele yenu."

Baba mdogo alikohoa, akasema basi, limeisha, na mafundi waendelee na saruji yao.

Tulipomaliza kula, mama aliniomba nimsindikize kaburini. Saruji ilikuwa bado mbichi. Upande wa kushoto palikuwa na nafasi iliyofyekwa vizuri, mahali pake. Alisimama pale, akarekebisha miwani kama anataka kusoma kitu, ingawa msalaba haukuwa umeandikwa bado.

"Haya," akamwambia mumewe. "Nimesikia ulitaka kubaki Tabata. Simu ulikuwa nayo. Si ungenipigia, nikaja."

Kisha akaanza kumsimulia mavuno.